Mita Mia Sita

Kwa mita mia tatu mimi ni fundi.
Muulize Nyaboke anayenihesabia matundu:
ngumi moja huyafunika yote.
Kwa mia sita hukunja karatasi yangu haraka
asije mtu akaiona.

Uwanja wetu uko nyuma ya Lanet,
yanapoishia mahindi na kuanza vumbi.
Tuta la udongo, shabaha nane za mbao,
bendera tatu zisizokubaliana:
ya kwanza imelala kama tambara la vyombo,
ya pili inachezacheza,
ya tatu, kule mwisho, imenyooka kuelekea ziwani.
Upepo huteremka Menengai ukiwa mmoja;
ukitufikia umeshagawana urithi.

Sajini Murunga alistaafu magereza na goti bovu.
Halali chini tena. Huketi juu ya ndoo ya rangi,
darubini mbele yake, chupa ya chai kando,
na husema na risasi, si na mimi:
"Wewe umechoka njiani.
Wewe umechukuliwa na upepo.
Wewe... wewe ulitoka na hasira."

Wiki ya kwanza tuliulaumu upepo.
Akanifunza kuusoma kwenye mazigazi,
hewa ya moto inavyochemka juu ya nyasi:
ikipanda wima, tulia;
ikikimbilia kulia kama maji ya mfereji,
mibofyo mitatu kushoto.
Na bendera iliyo karibu nawe usiiamini peke yake,
ni jirani anayejua ya kwake tu.

Wiki ya pili tulizilaumu risasi.
Tukazipima mojamoja kwa mizani ya kuazima ya sonara,
zilizozidi tukazitia kopo la majani ya chai.
Wiki ya tatu: kiwiko, kitako, kiatu changu cha kushoto.
Daftari likajaa joto, saa, mibofyo,
na matundu bado yametawanyika
kama vifaranga vilivyoona kivuli cha mwewe.

Vuta pumzi. Toa nusu. Nusu ikae.
Lakini moyo haukai.
Msalaba ndani ya kioo unaruka kwa kila pigo,
upana wa unywele,
na unywele wa hapa
ni bega zima kule.

Jumamosi Sajini alinipakilia bunduki mwenyewe,
akanikataza kuangalia.
Nikalala, shavu kwenye mbao, kidole kwenye kifyatulio.
Nikabana, nikabana,
*tk.*
Hakuna mlio. Aliniwekea ganda tupu.
Nyaboke alicheka hadi akashika mbavu,
kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimeshainuka:
risasi haikutoka
nami natazama ilikoangukia.

"Hapo," alisema Sajini. Chai ilikuwa imepoa.
"Upepo tuuombe msamaha."

Nikajijua.
Mimi ndiye nifunuaye sufuria ya wali mara nne.
Mimi ndiye niliyempigia daktari simu
damu ya mama haijafika hata maabara.
Barua nazisoma kuanzia mwisho.

Sasa nafunzwa kubaki.
Bunduki ikishasema, kidole hakiachii,
jicho halihami, shavu halibanduki.
Ina safari ya sekunde moja hivi
juu ya nyasi, kupita bendera zote tatu.
Sekunde hiyo si yangu.
Niliyokuwa nayo nimeshayatoa.

Leo kumi: saba ndani,
mbili pembeni, moja Mungu anajua.
Nyaboke hakuniambia mpaka nilipouliza,
na sikuuliza mpaka tulipokunja turubai.

Jioni wali uliungua kidogo chini.
Sikuufunua.